Traeger, fundi aliyekataliwa jeshini akaipa nyika sauti

MJI wa Keroka umekaa juu ya mpaka. Sehemu yake moja imo Kaunti ya Kisii na nyingine imo Kaunti ya Nyamira, na barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Sotik inaupasua. Sokoni humo, kama ilivyo katika masoko mengi ya nchi hii, fundi wa redio ni mtu anayejulikana na wazee kwa watoto. Huketi nyuma ya meza iliyojaa mabaki ya redio kuukuu, waya wa shaba, risasi ya kulehemu na betri ya gari iliyochakaa, na vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa hurudi kunena mikononi mwake.

Hata hivyo, redio anazozifufua fundi huyo zina kasoro moja ambayo ni nadra kutajwa. Zinasikia tu, hazisemi. Huleta habari za Nairobi na nyimbo za Ekegusii hadi sebuleni, lakini haziwezi kupeleka kilio cha mwenye nyumba hatua moja nje ya ua wake.

Kasoro hiyo ilikuja kuwa na uzito Januari 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 kutangazwa, mpaka wa Borabu na Sotik uligeuka uwanja wa mapigano, na soko la Chebilat, lililo kwenye barabara hiyo hiyo inayopita Keroka, likateketezwa kwa moto. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Maduka yalifungwa katika sehemu nyingi za nchi, na kadi za muda wa maongezi ya simu zikaadimika. Simu isiyo na salio ni kipande cha plastiki tu, na jamaa aliye upande wa pili wa kilima huwa kana kwamba yuko ng'ambo ya bahari.

Swali la nani atakayekisikia kilio cha mtu aliyetengwa liliwahi kupata jibu mbali sana na Gusii, tena kutoka kwa fundi mwenye meza ya namna ile ile. Jina lake lilikuwa Alfred Traeger.

Traeger alizaliwa Agosti 2, 1895 karibu na mji mdogo wa Dimboola katika jimbo la Victoria, nchini Australia. Babake alikuwa mkulima. Mababu zake walikuwa Wajerumani wa madhehebu ya Kilutheri waliohamia nchi hiyo na kupewa uraia. Mnamo 1902 familia ilihamia Balaklava, katika jimbo la South Australia, na huko ndiko kijana huyo alikosoma shule ya msingi.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, aliamua kwamba nyumba yao na banda la vifaa vya shambani vilifaa kuunganishwa kwa simu. Kati ya viwili hivyo palikuwa na umbali wa mita 45 hivi. Hakuwa na pesa za kununua chochote, kwa hiyo alitafuta ndani ya boma lao. Sumaku aliipata kwa kutumia meno ya uma wa kukusanyia nyasi. Kiwambo cha kutetemeka kwa sauti alikitengeneza kwa kifuniko cha mkebe wa tumbaku. Makaa yaliyohitajika katika kinasa sauti aliyaokota kwenye jiko la mamake. Simu hiyo ilifanya kazi. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa kijijini akiunda gari la waya atatambua papo hapo ni kijana wa aina gani anayezungumziwa.

Wazazi wake walimpeleka Adelaide, mji mkuu wa jimbo, akasomea uhandisi wa mitambo na umeme katika chuo cha madini na viwanda, akahitimu mnamo 1915. Alifanya kazi katika shirika la tramu za jiji na baadaye katika idara ya posta na simu. Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, naye akajitolea kuingia jeshini kama vijana wengine wa rika lake. Alikataliwa. Sababu haikuwa afya wala umri, bali ni kwamba mababu zake walikuwa wametoka Ujerumani. Uraia wao haukumsaidia kitu.

Kukataliwa huko hakukuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Mnamo 1917 shule za Kilutheri za South Australia zilifungwa kwa amri ya serikali, na sheria ikapitishwa ya kuyafuta majina ya Kijerumani ya miji na vijiji. Watu waliozaliwa humo, wakalima humo na kuwazika wazee wao humo, waliamka na kuambiwa kwamba asili yao iko kwingine. Wasomaji wa Gusii na wa Bonde la Ufa hawana haja ya kuelezwa maneno ya namna hiyo hufanya nini katika nyumba ya mtu. Isitoshe, vita hivyo hivyo viliifikia Kisii. Septemba 1914 Wajerumani kutoka koloni lao la kusini waliingia mjini humo, wakapigana na Waingereza Septemba 12, na vita vilipohama, Abagusii wakaadhibiwa na serikali ya kikoloni kwa kupora mji ulioachwa wazi katika ugomvi usiokuwa wao.

 Traeger alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, na alirudi kwenye waya zake. Mnamo mwaka wa 1923 hivi alijiunga na kampuni moja ya Adelaide iliyotengeneza jenereta za magari na vifaa vingine vya umeme. Redio ilikuwa kitu kipya, naye ikamteka moyo. Alipata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ruhusa wanayopewa watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda ufundi wenyewe, bila malipo na bila biashara, akaanza kujiundia mitambo.

Hapo ndipo alipokutana na John Flynn. Huyu alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbyterian, na tangu 1912 alikuwa akiongoza misheni ya kanisa lake katika nyika ya ndani ya Australia. Nyika hiyo ni pana kiasi kwamba mkulima wa Keroka, ambaye shamba lake hupimwa kwa vipande vya ekari, hana cha kuilinganisha nacho. Mashamba ya ng'ombe huko ni makubwa kuliko kaunti nzima, na jirani wa karibu anaweza kuwa mwendo wa siku moja. Daktari alikuwa mbali zaidi.

Flynn alikuwa na kisa kimoja ambacho kilijulikana nchi nzima. Mnamo 1917 mchunga ng'ombe aitwaye Jimmy Darcy aliumia vibaya alipoanguka na farasi karibu na Halls Creek, kaskazini magharibi mwa nchi. Wenzake walimbeba hadi mjini, lakini mjini hapakuwa na daktari wala hospitali. Palikuwa na mkuu wa posta na mashine yake ya simu ya maandishi. Mkuu huyo wa posta alimfanyia Darcy upasuaji kwa kisu cha mfukoni, akifuata maelekezo yaliyotumwa kwa nukta na mistari ya Morse na daktari aliyekuwa jijini Perth. Daktari mwenyewe alifunga safari kwa meli ya kubebea ng'ombe, kisha kwa gari, na mwishowe kwa farasi na miguu. Alifika siku moja baada ya Darcy kufariki. Mgonjwa hakuuawa na upasuaji ule. Alikuwa na malaria na jipu la kidole tumbo.

Flynn alikwisha kuwa na wazo la daktari wa ndege. Kijana mmoja wa jeshi la anga, Clifford Peel, alimwandikia mnamo 1917 kueleza jinsi ndege zingeweza kutumika, kisha naye akafa vitani mwaka uliofuata. Lakini ndege ni nusu tu ya dawa. Ndege inayokaa uwanjani haijui nani anaumwa. Darcy alikuwa na bahati ya kuwa karibu na waya wa posta. Watu wengi wa nyika hawakuwa na waya wowote. Redio pekee ndiyo ingeweza kuwafikia, na redio za wakati huo zilihitaji umeme mwingi.

Tatizo lilikuwa umeme. Flynn alikuwa amejaribu mtambo uliochota nguvu kutoka kwa gurudumu la nyuma la gari lililoinuliwa kwa jeki. Ulifanya kazi, ila ulitaka kila boma liwe na gari, petroli na mtu wa kuviendesha. Kupitia majaribio hayo alinunua jenereta kutoka kwa Traeger, na mnamo 1926 akamwajiri, wakaondoka pamoja kwenda Alice Springs, katikati kabisa ya bara hilo. Walipeleka mtambo mmoja katika misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, na ujumbe ukavuka jangwa. Lakini betri walizozitumia zilikuwa nzito na ghali, na hazikufaa kusafirishwa mara kwa mara katika njia zile. Traeger alirudi Adelaide akijua kwamba ushindi ule haukuwa ushindi.

Kwanza alifikiria jenereta ya kuzungushwa kwa mkono. Wazo hilo lilianguka lenyewe. Mtu akizungusha mpini kwa mkono mmoja na kubonyeza Morse kwa mkono wa pili, hufanya yote mawili vibaya, na akipatikana msaidizi wa kuzungusha, basi mgonjwa aliye peke yake hana msaada. Mwandishi wa makala haya huona kwamba hapa ndipo akili ya Traeger ilipojitofautisha na ya mafundi wengine wa enzi yake. Wao walikuwa wakijiuliza mtambo unaweza kufika umbali gani. Yeye alijiuliza ni nani atakayeutumia, akamwona mama mmoja ndani ya nyumba ya mabati, mume wake yuko malishoni, mtoto ana homa, na mikono yote miwili ina kazi.

Mama huyo alikuwa na miguu isiyokuwa na kazi.

Kufikia 1928 Traeger alikuwa ametengeneza jenereta inayoendeshwa kwa pedali za baiskeli. Gia na gurudumu zito la kusawazisha mwendo aliviweka ndani ya kasha la chuma, pedali zikabaki nje, na chini akaweka kitako cha kufungiwa sakafuni kwa skrubu. Mtu aliketi kwenye kiti cha kawaida mbele ya meza, akakanyaga kwa mwendo wa kustarehe, na mashine ikatoa wati 20 hivi kwa msukumo wa volti 300. Wati 20 ni chini ya balbu ndogo ya zamani. Lakini kwenye mawimbi mafupi zinatosha, maana mawimbi hayo hupanda hadi tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yakagonga na kurudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Redio hiyo ilifika kilomita 500 hivi.

Ndani ya sanduku la redio alifanya jambo la pili lenye busara. Badala ya kumwachia mtumiaji kazi ya kutafuta stesheni, alitumia kipande cha fuwele ya kwazi kinachotetemeka kwa kasi ile ile daima, hivyo mtambo ulirusha mawimbi mahali pamoja bila kuyumba. Swichi moja kubwa ilitenganisha kusema na kusikiliza. Hapakuwa na vifundo vya kumtisha mtu. Bei yake ilikuwa pauni 33, kiasi ambacho hakikuwa kidogo, lakini kilikuwa ndani ya uwezo wa boma la ng'ombe.

Mei 1928 huduma ya daktari wa ndege ilifunguliwa katika mji wa Cloncurry, jimbo la Queensland. Daktari wa kwanza alikuwa Kenyon St Vincent Welch, na ndege ilikodiwa kutoka kwa kampuni changa iliyoitwa Qantas. Safari ya kwanza ilifanyika Mei 17. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1928 ndio matangazo ya redio yalioanza Nairobi, yakiwalenga walowezi. Katika mwaka wa kwanza daktari wa Cloncurry aliruka mara 50 hivi na kutibu wagonjwa 225. Bado, walioweza kumwita ni wale tu waliokuwa na njia ya kumfikishia habari.

Traeger alifika Cloncurry mnamo 1929 akiwa na mitambo yake. Kituo kikuu kilijengwa mjini, kisha akaanza kuzunguka mashambani akifunga redio moja moja, akichimbia nguzo za eriali na kuwafundisha wenye nyumba. Juni mwaka huo, katika shamba la Augustus Downs kaskazini mwa Cloncurry, Bi Gertrude Rothery aliketi mbele ya meza, akakanyaga pedali na kutuma ujumbe wa kwanza kabisa wa redio hiyo kutoka shambani hadi kituoni. Herufi zilitoka polepole, nukta kwa mstari. Kituoni zilisomwa.

Mpangilio wa mwanzo ulikuwa wa ajabu kidogo. Kituo kikuu kilikuwa na umeme wa kutosha kurusha sauti ya binadamu, lakini wati 20 za nguvu ya miguu zilitosheleza Morse tu. Kwa hiyo Cloncurry ilisema kwa mdomo, na mashamba yakajibu kwa nukta na mistari. Akina mama wengi walijifunza Morse kwa taabu, usiku, baada ya kazi za siku. Wengine hawakuiweza. Traeger hakuwalaumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliwaundia kibodi mfano wa taipureta: ukibonyeza herufi A, mashine yenyewe hutuma nukta na mstari wake. Mtu aliyejua kusoma na kuandika alijua sasa kutuma Morse bila kuijua. Katika miaka hiyo hiyo aliendelea kuiboresha redio yenyewe hadi mashamba nayo yakaweza kurusha sauti, kibodi ikawekwa kando, na fundi huyo hakuonekana kusikitikia kifo cha uvumbuzi wake.

Palibaki tatizo la usiku. Dharura haingoji saa za kazi, na mhudumu wa kituo hawezi kuvaa visikizio saa 24. Traeger alitengeneza filimbi ya mirija miwili yenye sauti mbili tofauti. Mtu aliipuliza mbele ya kinasa sauti, na kule kituoni kifaa kilichotegwa kuzisikiliza sauti hizo mbili tu kikaamsha kengele.

Redio ya pedali haikubaki kuwa ya wagonjwa pekee. Baada ya daktari na telegramu kumaliza zamu yao, mawimbi yaliachwa wazi kwa muda fulani, na wanawake waliokuwa wamekaa miezi bila kuona mwanamke mwenzao wakaanza kuongea. Wakapeana habari za mvua, bei ya unga, mimba na misiba. Wanaume waliwacheka na kuyaita mazungumzo hayo kelele za ndege. Ukweli ni kwamba mazungumzo hayo ndiyo yaliyoweka mitambo katika hali njema, maana chombo kinachotumiwa kila siku ndicho kinachofanya kazi siku ya balaa. Katika miaka ya 1940 mashamba yaligawiwa masanduku ya dawa zilizopewa nambari, ili daktari aliye mbali ataje nambari tu na mzazi asihangaike na majina ya Kilatini. Na mnamo 1951, kutoka Alice Springs, mtandao huo huo ulianza kutumiwa kufundishia watoto wa nyikani masomo ya shule.

Traeger mwenyewe alikuwa ameunda kampuni yake ya kutengeneza redio. Alioa mnamo 1937, akapata mabinti wawili. Mnamo 1944, Australia ikiwa tena vitani na Ujerumani, mjukuu huyo wa Wajerumani alitunukiwa nishani ya OBE na ufalme ule ule ambao jeshi lake lilimkataa. Mkewe alifariki mnamo 1948, naye akaoa tena mnamo 1956. Katika miaka ya 1960 redio zake za pedali zilifika hadi Nigeria.

Afrika Mashariki ilipata madaktari wake wa ndege kwa njia nyingine, ingawa fikra ni ile ile iliyokwisha kuthibitishwa huko Australia. Mnamo 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama AMREF. Ndege zake ziliruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, na hospitali nyingi za misheni zilizokuwa mbali na simu ziliunganishwa na Nairobi kwa redio za mawimbi mafupi. Muuguzi wa Turkana au wa pwani ya kaskazini aliweza kuuliza swali asubuhi na kupata jibu la daktari kabla ya mgonjwa kuzidiwa. Dkt Anne Spoerry, aliyeitwa Mama Daktari na maelfu ya wananchi hadi alipofariki mnamo 1999, alikuwa mmoja wa waliorusha ndege hizo wenyewe.

Nyanda za juu za Gusii hazikuwa nyika, na labda ndiyo sababu hakuna aliyezifikiria. Watu wamejaa, barabara zipo, hospitali ziko karibu kwa kupima na Turkana. Lakini mpaka ukifungwa kwa mapanga na mishale kama ilivyokuwa 2008, au mlima ukiporomoka wakati wa masika na kuizika barabara pamoja na nguzo za umeme, ukaribu huo huyeyuka kwa saa moja. Mnara wa simu una betri zake, nazo zina mwisho. Anayekanyaga pedali anategemea ugali alioula jana tu.

Mambo ambayo Traeger alihangaika nayo kwa miaka mitatu hayamshindi fundi wa leo wa Keroka. Dinamo anaijua, betri ya gari anaijua, na paneli ya jua inauzwa sokoni. Valvu zimekwisha kupisha transista, na mtambo mdogo wa wati 5 unaweza kutoshea kwenye mkebe wa majani chai. Eriali ya mawimbi ya mita 40 ni waya wa shaba wenye urefu wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati. Ukitandazwa chini kiasi, si juu sana, huyatupa mawimbi moja kwa moja angani nayo yakarudi kama mvua pande zote za kilima, jambo linalofaa kabisa katika mabonde ya Kisii na Nyamira. Ila radi za huko ni maarufu, na zimeua watu wengi. Yeyote anayetundika waya juu ya paa Gusii hana budi kuuzamisha ardhini upande mmoja na kuuchomoa kwenye mtambo wingu linapotanda.

Kisheria pia kuna ua la kuvuka. Kusikiliza hakumletei mtu taabu, lakini anayerusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano anavunja sheria. Leseni za redio ya ridhaa zipo, na chama cha warushaji wa ridhaa wa Kenya kimekuwepo kwa miongo mingi; wanachama wake hutambulikana kwa alama ya 5Z4, iliyochukua nafasi ya VQ4 ya enzi za ukoloni. Ni kikundi kidogo, na kwa muda mrefu kimeonekana kama burudani ya watu wa mitaa ya kifahari ya Nairobi. Mafundi wenye ujuzi wa kuunda mitambo wako masokoni, na wenye leseni wako kwingine. Traeger alikuwa na vyote viwili, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuwasumbua wanaopanga mipango ya majanga katika kaunti zetu.

Katika uzee wake hakuacha kuchezea mitambo. Alijaribu kuyageuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa kwa nguvu za jua, na akaunda gari la kuendeshwa kwa tabo. Alifariki Adelaide Julai 31, 1980, zikiwa zimebaki siku 2 tu atimize miaka 85.

Mnamo 1994 Australia ilitoa noti mpya ya dola 20. Upande mmoja una sura ya John Flynn, aliyefariki mnamo 1951, pamoja na ndege ya daktari. Karibu naye imechorwa redio ya pedali. Sura ya aliyeiunda haimo kwenye noti hiyo.